Jina la Kuazima

Malaba, Ijumaa

Dada Aluka,

Omena ulizotuma, wale dagaa wa ziwani, zimefika, watoto wamezifurahia.

Jumanne wakaguzi walikuja kupima chekechea yetu. Wanafunzi wangu wengi walishahamia ng'ambo, Uganda, kwa hivyo niliazima watoto sokoni nikawapa majina ya rejista. Binti wa Aidah, yule muuza ndizi, nilimwita Hanan. Tulisifiwa sana.

Saa sita mwanamume mpole akabisha. "Mwalimu, nimekuja kumchukua Hanan." Kwa ile furaha ya kusifiwa, nikamfunga mtoto viatu, nikamkabidhi.

Mtoto huyo aliitwa jina hilo mara moja tu, mbele ya wakaguzi.

Hadi leo mtoto hajaonekana. Aidah amekaa jikoni kwangu, ananiuliza tena na tena, "Mwalimu, huyo mtu alimwita mtoto wangu nani?"



Mdogo wako,
Akwii