Bashasha Yako Niliyoizima

Wifi yangu mpendwa,

Hujambo huko Kihesa? Mimi sijambo, kwa mwili tu. Barua hii sikuifunga makusudi, ili baba yako na mama yako nao waisome, maana waliambiwa binti yao hana adabu.

Unakumbuka ulivyofika kwetu Iyunga? Kaka alikuwa Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, akatuandikia: “Mpokeeni mke wangu kwa bashasha.” Mama, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, akaniuliza maana ya neno hilo. Nami msomi wa darasa la nne nikajivuna: “Si kucheka tu, mama. Mtu anaweza kucheka huku moyo umenuna. Bashasha ni mgeni akuone usoni ajue ulikuwa unamngoja.”

Kumbe wewe ndiwe uliyetupokea sisi! Ulitua mzigo, ukamshika mama kwa mikono miwili, ukamsalimu kwa Kihehe, “Kamwene, mama! Kamwene!” Siku mbili tu, hata yule bibi jirani asiyecheka na mtu akawa anakuja kuomba moto ilhali kwake unawaka. Mama akaanza kuniambia, “Mwangalie mwenzio.” Iliniuma. Niseme tu ukweli, nilikuonea wivu.

Mama alikuwa amenipa kazi moja: nikufundishe mwiko wetu Wanyakyusa, kwamba mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Akipita, unajificha. Baba ni mzee wa kanisa, lakini mwiko huo hakuuacha. Wewe Mhehe ungejuaje? Siku ya tatu baba akarudi kutoka safari, ukamwona kwa mbali na mzigo begani.

“Wifi, yule ndiye baba? Nikampokee?”

“Nenda,” nikakujibu. “Atafurahi.”

Ulikimbia. Ulipiga goti njiani, ukanyoosha mikono kuupokea mzigo, ukamtazama usoni huku ukicheka. Baba alijifunika uso kwa kofia, akauacha mzigo chini, akaingia kwenye mahindi kama mtu aliyeona nyoka. Mama akanigeukia: “Hukumwambia?”

“Nilimwambia. Amefanya kusudi.”

Ulinitazama, wifi. Ungeweza kunisuta palepale, hukunisuta. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguoni mwako nilikuwemo mimi.

Miezi saba uliyobaki, ulijua kujificha migombani kuliko sisi tuliozaliwa humo. Ulipika, ulisalimia, ulitabasamu pia. Lakini ukisikia hatua za mtu uliinamisha uso kwanza, ndipo uangalie ni nani. Watu wakasema umetulia. Ulipoaga kwenda kumwona mama yako, nilikubebea mzigo hadi kwenye basi. Njia nzima nilikuwa na mdomo, sikuufungua. Nawe hukurudi tena.

Sasa nami nimeolewa. Siku ya kwanza, wifi yangu wa huko, mwanamke mkali asiye na maneno mengi, alinivuta nyuma ya ghala: “Baba mkwe anakuja. Inama hapa.” Basi, ni hayo tu. Mwezi mzima hanisemeshi vizuri, lakini hilo hakuninyima. Nililia nimechutama pale, wakadhani nimekumbuka kwetu.

Nilirudi Iyunga nikamwambia mama yote. Hakunigombeza. Aliondoka akaniacha nimekaa peke yangu jikoni, na mpaka leo tunasalimiana tu. Kisha nikaenda Chunya kwa kaka. Miaka minne ameamini ulimdharau baba yake, na kwa hasira hiyo hakukufuata. Aliposikia, alivaa koti, akaniambia niandike, yeye ataibeba.

Sikuombi unisamehe haraka, wifi. Naona aibu hata kuliandika neno hilo.

Anayekupa barua hii ndiye kaka. Hakujua lolote mpaka juzi. Kama lazima ufukuze mtu mlangoni, usimfukuze yeye. Nakuja wiki ijayo, unifukuze mimi.

Ni mimi wifi yako wa Iyunga,
niliyekuambia nenda.