Nani Atasema Kikaoni

Neema mjukuu wangu,

Bado nausikia mkwaruzo wa kiti kimoja. Hapa mtaani Turffontein, huku kusini, sote wazima, na usicheke nikikuita mjukuu. Ukoo hauangalii umri. Umeniuliza kama mgeni anaweza kusema kwenye baraza la kijiji chenu huko Uingereza, wasije wakaondoa basi lenu.

Mwaka niliofika, diwani aliitisha kikao kuhusu kufunga zahanati yetu. Sisi wageni tulikaa nyuma, kama kawaida, tukimngoja jirani mwenyeji atusemee. Hakuja. Mama Furaha, msusi kutoka Bukavu, akasukuma kiti, akasimama.

"Eish, mama, kwani wewe wa wapi?" akauliza mzee mmoja.

"Wa mlango wa tatu kutoka kwako. Hata taka zako nazijua."

Wakacheka, kisha wakamsikiliza. Zahanati ikabaki.

Sasa wanataka kuifunga tena, naye Mama Furaha amehama. Usingizi siupati. Jana nilimpelekea diwani jina langu: Jumamosi kikaoni nitasema mimi.