Mbezi Ipi

Jumatatu, 3 Juni
Nimekata sketi za bluu asubuhi yote. Kola nimeshona kwa kupapasa. Jicho la kulia sasa ni ukungu mtupu, nikitazama taa moja naona tatu. Saa tano nikaenda kliniki ya macho nikijua leo napangiwa siku ya upasuaji.

Wapi. Muuguzi kanifunga ule mkanda mkononi, ukabana, ukalegea. 182 kwa 108. Karudia. 184. Mtoto wa jicho hatolewi na presha hii, mama. Juu isizidi 150, chini isizidi 90, ndipo tuongee.

Vidonge nameza. Akauliza chumvi. Akauliza usingizi. Akauliza natembea kiasi gani. Nikamwambia mie fundi cherehani, miguu inakanyaga kutwa nzima na sitoki kwenye kiti. Akacheka. Halafu, kama anayeuliza bei ya nyanya: "Na kinyongo je? Kuna mtu umembeba?"

Nimepeleka jicho, yeye anauliza moyo. Nimerudi Mbagala nimefura. Shule zinafunguliwa mwezi ujao. Sare za shule ndizo zilizojenga nyumba hii, chumba kimoja kimoja, bila mume wala mjomba. Jicho hili likienda, na kazi imekwenda.

Jumanne, 4 Juni
Nimegawa chumvi yote kwa jirani. Mchicha bila chumvi ni majani. Nimekula majani.

Jumatano, 5 Juni
Luka ana bucha mkabala na kibanda changu. Ni Mhehe, mie Mngoni, kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani hana adabu wala hadaiwi. Ndiye anayeongoza klabu ya jogingi ya mtaa. Kila alfajiri wanapita na fulana zao za njano, wanaimba, mbwa wote wanaamka. Leo kanikuta nimesimama getini na raba alizoacha binti yangu Neema alipoolewa Dodoma.

"Mngoni! Babu zako walitoka Afrika Kusini kwa miguu, wanapiga kila kabila njiani. Wewe hata kona ya msikiti huifiki?"

Nikamwambia babu zangu walikuwa wanawaokoa mbwa wa Iringa wasiliwe na babu zake. Watu hoi. Nikajiunga mstari wa nyuma ili niendelee kumjibu vizuri. Kufika kona sina pumzi hata ya kumwambia mjinga.

Alhamisi, 6 Juni
Nina misuli ambayo sikuwahi kutambulishwa nayo. Yote inauma.

Jumamosi, 8 Juni
Jumuiya wamesali nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ni familia za Kikatoliki za mtaani, kila Jumamosi asubuhi wanakutana nyumba ya mmoja wao. Nilikuwaga mweka hazina wao. Niliposikia wimbo wa kwanza nikakanyaga cherehani kwa makusudi, kwa nguvu, mpaka nikakata uzi.

Mwaka juzi mama yangu alifariki akiwa kwa kaka yangu. Nilimpelekea Mama Deo, mwenyekiti, ujumbe kwa simu. Hakuja hata mmoja. Mie niliyepika kwenye misiba yao yote mpaka kope zikaungua! Mama yangu akapakiwa kwenye gari kwenda kuzikwa Songea bila wimbo hata mmoja wa jumuiya. Niliporudi wakaja na bahasha. Sikufungua geti.

Nimesusa. Hasira ni kitu kingine, hasira inaisha. Kususa ni kazi, unaamka nayo.

Alhamisi, 13 Juni
Nimefika kona, nimerudi, sijasimama. Klabu wana wimbo wa kuwataja waliochelewa, leo wakaniimba mie, eti Mngoni alikuwa anatafuta ngao. Nimecheka huku nakimbia, nikapaliwa. Jasho limenitoka mpaka kwenye viwiko. Nimeoga, nimekaa kibarazani na uji wa ulezi, mwili mwepesi kama umefuliwa. Sikumbuki mara ya mwisho kufurahia asubuhi.

Jumatatu, 17 Juni
158 kwa 96! Nimeshusha ishirini na nne kwa wiki mbili. Nikampigia muuguzi hesabu palepale: kwa mwendo huu, wiki mbili zijazo niko 134. Kasema damu haijasoma hesabu. Tutaona.

Jumatatu, 24 Juni
158 kwa 97. Haikushuka. Chumvi sili, nakimbia, vidonge nameza, na mashine imenikazia macho vilevile.

Muuguzi kasema wiki ijayo ikiwa hivi, nafasi yangu anapewa mwingine, nami nirudi mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi! Watoto watakuwa wameshachakaza sare walizoshonewa na fundi mwingine.

Kauliza tena usingizi. Nikamwambia ukweli, kwamba kila nikiamka nakuta tayari nagombana na Mama Deo kichwani. Huwa namshinda. Muuguzi hakucheka.

"Mama, mwili umefanya sehemu yake. Akili hujaipumzisha, na roho umeifungia nje. Hivi vitatu vinakaa nyumba moja. Kimoja kikigombana, vyote havilali."

Binti mdogo vile, na maneno hayo. Nimekasirika, nimeondoka bila kuaga.

Jumatano, 26 Juni
Niandike taratibu.

Tukimaliza mchakamchaka Luka huwa anatuchemshia supu buchani, yangu anaitoa pembeni kabla ya chumvi. Leo kaniuliza mbona nimenuna kama nimemeza shoka. Nikamwambia. 158, jicho, mwezi wa kumi. Na kwa kuwa naye ni mwanajumuiya, nikammalizia lote. Nyie ndio presha yangu. Nyie mlimwacha mama yangu akaondoka kama mzigo.

Luka akaweka bakuli chini. Kisha mabega yakaanza kumcheza, kumbe anacheka, machozi yanamtoka. Nikashika upawa. Ningempiga, Mungu ananiona.

"Ngoja, mtani, ngoja. Mama Deo alituapisha tusiseme. Ila nikinyamaza utakufa na presha yako, halafu nitamtukana nani? Tulikwenda Mbezi. Wote. Kosta nzima, vitenge vya sare, shada la maua."

"Mlifika Mbezi ipi?"

"Si stendi? Si ulituma Mbezi saa nne? Msafara wa Songea utatokea wapi zaidi ya stendi?"

Kaka yangu anakaa Mbezi Beach.

Walikwenda Mbezi Luis, kwenye stendi ya mabasi ya mikoani, mbali kabisa na huko. Wakakuta Haisi yenye jeneza na msalaba, watu wamevaa nyeusi. Mie hawanioni, wakasema maskini, yuko ndani ya gari analia. Wakaimba. Wakasali rozari nzima. Mama Deo kamkumbatia mama mmoja mrefu akidhani ni shangazi yangu, kamlilia begani mpaka kilemba kikamtoka. Mwisho mzee mmoja akawauliza kwa upole: samahani, nyie ni ndugu wa upande wa Makambako?

Walikuwa Wabena. Walutheri. Na marehemu alikuwa mwanamume.

"Tumemlilia babu wa Kibena kwa machozi ya Kingoni," Luka kasema. "Na shada tukaacha, tungelinyang'anyaje?"

Walinipigia, simu yangu ilikuwa imezima chaji. Niliporudi wakaja kunieleza, nikawaacha getini. Baada ya hapo Mama Deo akasema haiambiki. Unamwambiaje mfiwa kitu kama hicho bila kucheka? Na ukicheka, umekwisha. Mwenye ruhusa ni mtani peke yake.

Ujumbe naukumbuka. Mbezi, saa nne. Basi. Mie ninayepima kiuno cha mtoto mpaka nusu inchi, neno moja, Beach, nililibana.

Nilicheka. Nikalia. Nikacheka tena. Wanywa supu wakasogeza mabakuli yao mbali.

Ijumaa, 28 Juni
Siku mbili sijui nisimame wapi. Mama yangu bado hakuimbiwa, hilo halijafutika, na linauma palepale. Lakini walikuja. Walivaa, wakapanda gari, wakavuka jiji zima kwa ajili yangu. Nilibeba mzigo, kumbe ndani hamna mtu.

Nimeamka leo nikamtafuta Mama Deo kichwani tugombane. Hayupo.

Jumamosi, 29 Juni
Nimevaa kitenge cha sare. Kinanicheza kiunoni, nimekipunguza asubuhi. Jumuiya ilikuwa kwa Mama Deo mwenyewe. Nikapiga hodi, nyumba nzima ikageuka, mtu na kitabu chake cha nyimbo mkononi. Mama Deo kasimama katikati ya sebule, hajui aje au akimbie.

Nikasema, "Samahani, nyie ni ndugu wa upande wa Makambako?"

Luka ndiye aliyeanza kucheka. Kadondoka kwenye kochi. Kisha wote, wazee kwa watoto. Mama Deo kajifunika uso kwa khanga, anapiga mguu chini: "Luka! Luka umeniua! Jamani Mama Neema, lakini tuliimba vizuri! Yule babu kaingia mbinguni kwa nguvu zetu!"

Tumekumbatiana. Kanilowesha bega, na safari hii ni bega lenyewe. Kisha tumesali. Kwa miaka miwili Salamu Maria nimeisema kwa meno. Leo imetoka kwa mdomo wote.

Jumamosi ijayo ni zamu ya kwangu.

Jumatatu, 1 Julai
144 kwa 86. Muuguzi hakuamini, kafunga mkono wa pili. 142. Umefanya nini, mama? Nikamwambia nimefika Mbezi. Hakuelewa, ila kaandika tarehe ya upasuaji: Jumatano. Nilipofika mlangoni akanipigia kelele nisije nikaacha vidonge kwa furaha. Siachi.

Jumatano, 3 Julai
Tayari. Naandika kwa jicho moja, mistari inapanda mlima. Hakuna maumivu ya kusema. Walipokuwa wananifanyia nilimwimbia mama kimoyomoyo, taratibu, sikuwa na haraka. Mama Deo kanisubiri nje toka asubuhi na chupa ya chai.

Alhamisi, 4 Julai
Bandeji imetoka. Bluu! Hizi sketi ni bluu hivi? Mwaka mzima nimekuwa nikishona rangi ya maji ya kufulia, naapa. Nimemwangalia Luka ng'ambo ya barabara, nikamwambia sasa naona vizuri, ile nyama yake ina mkia wa kushukiwa.

Jumamosi, 6 Julai
Wamekuja kwangu. Kukimbia na kuinama bado nimekatazwa, kwa hiyo wamefagia wao, wamepanga viti wao. Mama Deo kasema kabla ya sala kuna deni la wimbo. Wakasimama wote. Waliimba kwa ajili ya mama yangu, kwa jina lake, polepole.

Sikulia. Nilifumba jicho la zamani nikawatazama kwa hili jipya, mmoja baada ya mwingine. Mama Deo ana mvi. Mistari miwili imemshuka kando ya mdomo, sikuwahi kuiona. Miaka miwili nimegombana na uso mwingine kabisa.

Wameondoka. Vikombe vinakauka uani.