Nani Anafuta Marejeo Yangu

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimechelewa tena. Mvua. Msaidizi mwenzangu, Zuhura, kaniwahi, kwa hiyo leo anaandika yeye. Ndivyo ilivyo hifadhi yetu ya marejeo, yaani kumbukumbu za watu tunaowahoji: imekaa kwenye kompyuta kuu ya Daktari Espérance, mtafiti tunayemsaidia, sisi wawili tunaifungua kwa mtandao wa ofisi, lakini wa kwanza kuingia ndiye anayeandika. Mwingine anasoma tu mpaka mwenzake atoke.

Nikamtafuta Mzee Rukumani, fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, hapa Kigali, niliyemhoji mwezi uliopita. Kwenye R hayupo. Nikaandika jina lake, nikatafuta. Hakuna. Labda sikuhifadhi. Lakini nilihifadhi, najijua.

Jumanne, 7 Oktoba
Rubaba naye hayupo. Yule mama wa vitenge, mahojiano ya mchana mzima. Mmoja anaweza kupotea, wawili hapana. Kuna mtu anafuta, na tuko wawili tu.

Daktari Espérance alishasema: kitabu cha mafundi wa Biryogo kikienda kuchapwa Desemba, atabaki na msaidizi mmoja. Zuhura ni mzaliwa wa Rwezamenyo, jirani na Biryogo, milango yote ni ya shangazi zake. Mimi nimekulia Ngara, Tanzania, nina Kiswahili changu cha shule na mtoto wa kulea. Marejeo yangu yakipungua, naondoka mimi. Hesabu rahisi.

Mchana kanigawia sambusa. Nimekula, huku namtazama vidole.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimemwekea mtego. Nimebuni mtu: Mama Rabia, fundi wa kofia, Rwezamenyo, mahojiano ya ana kwa ana. Akifutwa, nimemnasa. Nimemwingiza wakati Zuhura ametoka kuswali adhuhuri.

Aibu sikuona. Niliona raha.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mama Rabia yupo, mzima kabisa. Lakini Rutufi, mwingine niliyemhoji, hayupo! Amenusa mtego, akachukua mwingine. Mjanja huyu dada.

Nimeshindwa kuvumilia. Nimeingia kwa Daktari, nimefunga mlango, nimesema jina la Zuhura. Daktari hakupenda, nimeona. Hata hivyo amemwondolea ruhusa ya kuandika mpaka mambo yachunguzwe.

Zuhura karudi kutoka msikitini, kajaribu, kompyuta ikamkatalia. Kajaribu tena. Kisha kanigeukia, akanitazama kidogo, akaanza kupanga karatasi zake. Hakuuliza kitu. Mwenye haki si angeuliza?

Jumatatu, 13 Oktoba
Fundi wa kompyuta amekuja, Daktari kamwita aone kama vilivyofutwa vinaweza kurudi. Kaangalia, kaniambia hakuna kilichofutwa. Jumla ya marejeo haijapungua hata mara moja. Sikuwahi kuitazama jumla.

Wako kwenye L. Lukumani. Lubaba. Lutufi. Niliandika majina kama nilivyosikia yakitamkwa, na hapa Kigali r na l zinakaliana viti kila siku. Mimi na Kiswahili changu cha shule.

Kila mmoja ana maelezo pembeni, mahali ambapo sijawahi kufungua. Kwa Lubaba Zuhura ameniandikia: “Mama Keza, nimemuuliza mwenyewe, ni kwa L. Tusimkosee kitabuni.” Kwa hao wengine, karibu hivyo hivyo. Alidhani nasoma.

Nimejiona mjinga. Halafu nimejiona mbaya, na hilo ndilo limeniuma.

Jumanne, 14 Oktoba
Asubuhi nimekwenda kwa Daktari, nimesema nilikosea. Ruhusa ya Zuhura imerudi. La Mama Rabia nikalimeza. Nilipanga kumfuta kimyakimya, yaishe.

Sikuwahi. Zuhura kavuta kiti karibu nami.

“Mama Keza, huyu Mama Rabia nyumba yake iko upande gani? Jumamosi na Jumapili nimemutafuta Rwezamenyo yote. Hata mama yangu hamujui.”

Alimtafuta ili ajue jina lake linaandikwaje. Wakati huo nilikuwa nimeshamchongea, na yeye alishajua kuwa ni mimi, kwani ofisini kuna nani mwingine? Bado alipanda na kushuka vichochoro wikendi nzima kwa ajili ya rejeo langu.

Nikamwambia hakuna Mama Rabia. Nilimbuni. Nikamwambia na sababu.

Hakugomba. Ningependa angegomba. Alitazama kioo cha kompyuta yangu, majina yote yale, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

“Na wale wengine, iko kweli?”

Nimesema ndiyo. Nimesikia sauti yangu, na hata mimi nisingeiamini.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nimemfuta Mama Rabia. Daktari sasa anajua yote, nimemwambia mwenyewe. Hajasema nani atabaki baada ya Desemba. Siulizi.

Zuhura hayupo ofisini. Amechapa orodha ya watu wangu na anapita Biryogo mlango kwa mlango, anawauliza kama kweli niliwahi kukaa nao. Hakunificha. Aliniaga vizuri tu.

Mchana Lubaba kanipigia, ana wasiwasi. Yule binti aliyemuuliza jina lake amerudi, sasa anauliza habari zangu, amjibu nini? Nimemwambia amjibu kila anachoulizwa, na ampe chai, ametembea sana.