Shamba Ulilokataa Liwekwe Rehani

Mpendwa dada Zainabu,

Simu yako haishiki, ndiyo maana nakuandikia huko Isiolo kwa kaka yako.

Unakumbuka mzigo wetu wa kwanza wa cherehani? Tuliufungua pamoja dukani kwetu hapa Migori, wewe ukizipaka mafuta huku mafundi wa Ndhiwa wakigombania zamu ya kuzijaribu. Benki ilikuwa imetutolea barua ya dhamana, ile inayomhakikishia muuzaji wa ng'ambo kwamba atalipwa mzigo ukishapakiwa melini. Walitutolea kwa kuwa walitujua, basi.

Kisha masharti yakabadilika. Yule afisa wa mikopo alituambia kwa upole, "Mama, siku hizi bila hati ya shamba hatuwezi." Wewe hukuwa na shamba huku. Mimi nikasema nitaleta la mama yangu, kule Uriri. Mama alikuwa amekubali tayari, maana hajui kuninyima kitu.

Tulipotoka nje ulinishika mkono. "Akinyi, mzigo ukikwama bandarini, mama atalala wapi?"

"Hautakwama."

"Hujui. Hata mimi sijui. Sitatia sahihi."

Nilikununia. Uliponiachia funguo za duka ukapanda basi, sikukusindikiza. Nilidhani umechoka na biashara, kumbe ulijua kwamba bila sahihi yako benki haitanipokea peke yangu.

Tangu hapo nanunua cherehani chache kwa tajiri mmoja wa Kisumu. Faida ni ndogo, lakini duka liko wazi na mama bado analima. Juzi benki wameniita. Sasa wanakubali mzigo wenyewe uwe dhamana: unakaa kwenye ghala lao, tunautoa kidogo kidogo kadiri tunavyolipa. Shamba hawalitaki tena. Wanataka sahihi zetu mbili tu.

Jana ndipo nilipomsimulia mama kwa nini uliondoka. Alikuwa akichambua omena, akaacha. "Kumbe nyara aliondoka kwa ajili ya shamba langu," akasema. Unajua hakuiti jina lingine, ni nyara tu, yaani 'binti yangu' kwa Kijaluo. Akachukua simu akakupigia mwenyewe, tena na tena.

Sikuombi urudi kwa sababu ya benki. Ukipenda kubaki kwa kaka yako nitaelewa, na duka litaendelea hivi hivi. Lakini washa simu, dada. Mama anataka kukushukuru kwa sauti yake, na amekataa nimsemee.

Ninayekukumbuka kila nifunguapo duka,
dada yako.