Kaya Isiyotoa Moshi

Kulwa mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Mhunze tu wazima. Mama yako ameshavuna mtama, na goti langu linasumbua kama kawaida. Umeniuliza kama ulikosea kutoa betri kwenye king'ora cha moshi ambacho mwenye nyumba wako hapo Geita amekifunga darini, kwa kuwa kinapiga kelele kila ukikaanga samaki.

Nilipokuwa msichana, mama yangu akiamka alitazama kwanza kama jiko la jirani yetu, Mama Masanja, linatoa moshi. Mwenyewe hakupenda. "Mama yako anachungulia sana kaya yangu," aliniambia. Asubuhi moja moshi haukuonekana, nikatumwa kwenda kumsalimia. Nilimkuta sakafuni, homa imemlegeza, hawezi hata kuita. Tukamfikisha zahanati, akapona.

Tangu hapo, siku akichelewa kuwasha moto, alitoka mlangoni akatupungia mkono, tujue yupo.

Sisi tulishtuka moshi ukikosekana. Hicho king'ora chako kinashtuka ukizidi. Ni jirani yule yule anayechungulia. Mrudishie betri yake, na umwombe mwenye nyumba amsogeze mbali kidogo na jiko, maana samaki hutaacha kula. Kina kitufe cha kujaribia. Kila mwezi kibonyeze, kilie. Huko ndiko kupunga mkono kwake.

Ni mimi bibi yako, ambaye moshi wake bado unaonekana.