Fundi wa Ukoo Mzuri

Mama mpendwa,

Kwa heshima zote, na baada ya kikao kirefu kilichohudhuriwa na mimi pamoja na paka wako, natangaza kwamba lile beseni lako la bluu lenye ua jekundu katikati limestaafu rasmi kazi za ndani na kuhamishiwa banda la kuku. Hotuba zilikuwa fupi. Paka aliondoka kabla ya sala ya kufunga.

Nilipolinyanyua nikakumbuka mengi, ndiyo maana nakuandikia. Na nakuandikia hadharani, majirani wasome, ingawa wewe ulikuwa hupendi ya nyumbani yatoke nje ya uzio wa mimea ya masale. Utanisamehe. Mafundi wameanza tena kupanda mlima.

Unaikumbuka Julai ile. Baba alikuwa ametutoka miaka mitatu kabla, sisi watoto tumetawanyika, mimi wa karibu kuliko wote nikiwa Njoro, kule chini mjini, na kibanda changu cha kutengeneza redio. Wewe ulibaki hapa Kibosho peke yako, na nyumba, na migomba. Fundi akaja asubuhi amevaa shati lililopigwa pasi, akaitupa shikamoo tangu kule njia panda. Akasimama uani, akaliangalia paa kama daktari anavyoangalia picha ya kifua. Aliguna. Kuna mafundi wanaojua kuezeka na mafundi wanaojua kuguna, Mama, na huyu kwenye kuguna hakuwa na mpinzani.

"Mama, mbao za juu zimekwisha hizi. Na Krismasi watoto wanapanda na wajukuu. Utawalaza wapi?"

Alijua pa kugusa. Mchagga unaweza kumwambia ana shinikizo la damu akaendelea kupalilia, lakini mwambie nyumba itamwaibisha Krismasi uone.

Hata hivyo hukuwa mjinga, na asitokee mtu wa kusema ulikuwa mjinga. Ulimpeleleza. "Wewe ni wa ukoo gani?" Akakutajia. "Baba yako ni nani? Na babu? Bibi yako aliolewa kutoka wapi?" Ulimpandisha hadi babu wa nne, mkakuta bibi yake na bibi yako walichota maji kwenye mfongo mmoja, mfereji ule unaotoka juu kule msituni. Ukafurahi, ukamtilia kata ya mbege. Padre hawahoji wachumba namna ile. Jambo moja tu hukumuuliza: ni nyumba gani amewahi kuezeka.

Sikucheki. Hilo ni kosa letu sote huku. Tunaamini mtu mwenye babu anayefahamika hawezi kupiga msumari vibaya.

Akayashusha mabati ya Baba, yale mazito ya enzi kahawa ilipokuwa bado inalisha watu, bati moja linabebwa na wanaume wawili. Akasema, "Mama, uchafu huu nitakuondolea bure." Ukamshukuru. Ukamwongezea na mkungu wa ndizi, maana mtu mwenye moyo namna hiyo haondoki mikono mitupu. Akapandisha mabati mapya mekundu, mazuri kwa macho, mepesi hivi kwamba upepo wa Agosti ulikuwa unayafunua pembeni kama kurasa za kitabu cha nyimbo.

Halafu ikaja Novemba.

Nilipanda siku ya Jumatano bila kukuambia. Nikakuta chumbani kwako beseni la bluu, sufuria mbili na dumu lililokatwa mdomo, vyote vimepangwa sakafuni kama wanafunzi wa kipaimara.

"Mama, hivi ni nini?"

"Nimeanika vyombo."

"Chini ya dari?"

"Wewe umekuja kunisalimia au kukagua?"

Tone likadondoka katikati yetu. Ukaliangalia kama mtu anavyomwangalia mgeni aliyeropoka mezani. Kitanda kilikuwa kimehamia ukutani upande wa mlango. Baadaye ukaniambia ulikuwa umekisukuma mara tatu, peke yako, na magoti yale.

"Usimwambie kaka yako," ukasema.

Kaka alikuwa ameshaanza maneno yake kutoka Dar: Mama amezeeka, Mama aje akae huku ghorofani, kuna lifti. Na mimi, Pasaka ile, mbele ya watu, nilikutania: "Mama, ukikosea tena jambo moja tunakupakia basi." Tulicheka wote. Nawe ulicheka. Sikujua kama ule utani uliubeba, ukaenda kuuweka mahali.

"Huko ghorofani nitamwamkia nani?" uliniuliza, ukikinga tone jingine kwa kiganja. "Na baba yenu nimwache na nani hapa?" Kwa dirisha lako kaburi lake lilikuwa linaonekana, pale kwenye migomba.

Pale ndipo nilipoelewa, nikaona aibu ambayo sijamaliza kuiona hadi leo. Yule fundi hakukuibia peke yake. Sisi tulimshikia ngazi. Anayemdanganya mzee hahitaji kujificha, kwa sababu mzee mwenyewe atamficha, akiogopa watoto wake kuliko anavyomwogopa mwizi.

Nikashuka kumtafuta. Kumpata hakukuwa kazi. Nilimkuta Njoro, hatua chache kutoka kibandani kwangu, amesimama uani kwa bibi mmoja, shati la pasi kama ulivyonieleza, anaguna. Nikasimama pembeni yake, nami nikaliangalia paa la bibi, nami nikaguna.

"Mangi," nikamwambia kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "yule mama wa Kibosho anakusalimia sana. Anasema usiku analala anasikiliza kazi yako."

Bibi akatoka na mwiko mkononi. "Kazi gani hiyo?"

"Mwenyewe atakueleza, bibi. Ni mtu wa ukoo mzuri."

Jumamosi yake akaja kwako. Hakuja peke yake: mbele katanguliza mzee wa ukoo wao, na mkononi kashika jani la isale, kama yale ya uzio wako. Nilikuwa nimejiandaa kwa mwenyekiti wa kitongoji, nimejiandaa hata kwa polisi. Lakini kwetu mtu akikuletea isale kuomba radhi, humkatalii. Anayekataa anajitafutia laana yeye na uzao wake. Yeye alilijua hilo vizuri. Alikuja na uso uliokwisha kusamehewa.

Ulilipokea kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe," ukasema.

Fundi akashusha pumzi, akaanza kupepesa macho kuona mbege itatokea upande gani.

"Ngazi ile pale."

"Mama?"

"Isale limeondoa hasira yangu. Tundu halijaondoka. Panda."

Yule mzee alicheka hadi akakohoa. "Panda, mjukuu wangu! Mama ameshasema, panda!"

Siku tatu ulikaa pale chini kwenye kiti chako, umejifunika khanga mabegani, ukiangalia juu. Mtu ambaye hajawahi kushika nyundo, ukawa msimamizi.

"Huo msumari umeupiga kwenye bonde la bati. Maji yanapita wapi, bondeni au mgongoni?"

"Bondeni, mama."

"Sasa mbona unayatobolea mlango?"

Aling'oa, akapiga upya, safari hii mgongoni. Akarudisha na mabati ya Baba ambayo alikuwa hajayauza, akayapandisha upande wa chumba chako. Siku ya pili nikakuta umempikia machalari ya ndizi, na nyama umemtilia kuliko mimi. Nilinuna. Ukaniambia, "Mtu mwenye njaa anapiga vidole badala ya msumari. Kula, wewe, acha wivu."

Krismasi Kaka akapanda na familia. Kabla hata hajashusha mabegi akasimama uani, mikono kiunoni.

"Mama, mbona paa lina rangi mbili?"

"Ndiyo mtindo wa sasa."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeujua huo mtindo. Mtu wa Dar hawezi kukiri mbele ya mama yake wa mlimani kwamba amepitwa. Nilikimbilia jikoni nikacheke. Basi halikukupakia, Mama. Ulikaa katika nyumba yako hadi mwisho, na sasa uko pale kwenye migomba, jirani na Baba.

Nyumba nimeihamia mimi, kama desturi inavyomtaka mtoto wa mwisho. Na sasa nakuambia ya leo. Mwezi uliopita fundi mwingine, shati limepigwa pasi, aliingia kwa Mama Aloyce hapo chini, akaangalia tangi lake la maji, akaguna. Mama Aloyce akamjibu, "Subiri Jumamosi." Hilo ndilo neno letu siku hizi. Anayetaka kugusa nyumba ya mzee yeyote hapa, aje Jumamosi kwenye jumuiya, atutajie nyumba alizofanya, tuende tukazione, tuandike makubaliano na mashahidi wawili, na kila kilichong'olewa kinabaki uani kwa mwenyewe. Fundi wa kweli anasubiri. Hata soda anakunywa. Wengine, ukiwatajia tu Jumamosi, wanakumbuka wana msiba Rombo.

Ukoo tunauuliza pia. Hatukuweza kuacha. Ila tunauuliza mwishoni.

Tumeongeza na sharti moja kwa ajili yetu watoto: mzazi akidanganywa, hakuna kucheka, hakuna kumtishia kumhamisha, hakuna "si nilikuambia." Hilo ndilo linalotushinda. Mwanaume mzima ana kitambi na gari, ukimwambia mama yake kauziwa rangi ya maji tupu, kitu cha kwanza kumtoka ni kelele. Huwa namvuta pembeni nikamsimulia habari za beseni. Wengine wananyamaza. Mmoja alilia, akasingizia moshi wa kuni.

Mimi bado nina deni la ule utani wa Pasaka. Ulipokuwa hai sikukuomba radhi. Nilidhani kurekebisha paa kunatosha, na wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha kwamba kutengeneza ni jambo moja na kusamehe ni jingine. Basi Jumapili baada ya misa nilikata isale pale kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu hili la ukoo, nikaja nalo kwenye migomba, nikaliweka kwako. Nilisubiri kidogo, nikiogopa utaniambia ngazi iko wapi.

Pumzika, Mama. Kuku wanataga, kahawa imechanua upande wa juu, na huku ndani hapavuji. Msalimie Baba, usimwambie habari ya mabati yake, au ukimwambia, anzia mwishoni.

Ni mimi, kitinda mimba wako, msimamizi wa paa.

Halafu nilisahau: siku zote tano alizokaa Kaka Krismasi ile, mvua haikunyesha hata tone, kwa hiyo ule mtindo wetu hakuuona ukifanya kazi.